Sauti Iliposimama

Kila asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, naweka tone moja la maji juu ya kichwa cha mashine. Kichwa chenyewe ni chuma kidogo cha duara, kama mfuniko wa chupa ya dawa, na kina mkia mrefu wa waya. Nikiwasha, tone linaruka. Halichemki, hakuna upepo, hakuna aliyeligusa, lakini linatetemeka, linajikunja, linatoa ukungu mwembamba kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi. Ukitega sikio husikii kitu. Hata mbwa wa mlinzi, ambaye husikia mtu akifikiria tu kufungua geti, hainui masikio. Sauti ipo, na sisi tunaijua kwa kutazama kile kinachohangaika.

Nimekaa na jambo hilo muda mrefu, na sijui kama ni jambo la mtu aliyeishia darasa la saba. Kitu kisichosikika kikikutikisa, ni nani amesema? Na wewe uliyetikisika, je, umejibu?

Mji wetu hauna jina. Labda lilikuwepo likafutika kwenye kibao cha barabarani, na kila mtu akangoja mwingine aulize. Chumba cha viungo, cha kutibu mikono na miguu iliyokakamaa, kiko mwisho wa korido ya hospitali, na ukutani pana saa inayokwenda bila kufuatwa na mtu. Sisi tunafuata kirungu cha mashine, chenye namba moja hadi kumi. Ukikizungusha mpaka nane, dakika nane zinaanza, na hizo ni dakika za mashine, hazichanganyiki na zako za nyumbani. Nimewaona watu wazima wakiingia kwenye dakika nane na kutoka wakiwaulizia marehemu wao, kana kwamba wamewaacha mlangoni sasa hivi, na kwa nini hawapo. Nawapa taulo.

Mwenye chumba ni Mzee Semboja, mtaalamu wa viungo. Wagonjwa humwita daktari, naye hukataa, halafu huitika. Mimi aliniajiri kufagia. Siku moja akanikuta nimepiga magoti, nasugua sakafu nyekundu kwa kumbi la nazi, miduara midogo midogo, mmoja ukipanda juu ya mwenzake. Alitazama mpaka nilipofika ukutani.

"Wewe binti, mkono wako haupumziki?"

"Ukipumzika unaacha baka, mzee."

"Nani kakufundisha?"

"Sakafu."

Akacheka mpaka akakohoa. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka mwaka ule. Chai ilimwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni, na mafundi viatu wa pale nje walisema kwamba sauti ya mashine, baada ya kupita mikononi mwake miaka ishirini, imeamua kuhamia. Yeye alisema ni uzee tu, waache ushirikina. Basi akanipa kichwa cha mashine. Yeye anaamua mahali na kiasi, mimi nazungusha. Sheria ikawa moja.

"Usisimame," akaniambia. "Mwendo wa konokono, sawa. Kusimama, hapana. Ukisimama, sauti inakwenda mpaka kwenye mfupa, inagonga, inarudi, inakutana na mwenzake anayekuja. Zikikutana uso kwa uso hakuna inayopisha. Hapo damu inayopita inajipanga mistari na kuganda palepale."

"Damu inajipanga, mzee?"

"Kama paredi. Mwalimu mkuu hayupo, lakini watoto wameshanyooka."

Alinieleza na mengine, kidogo kidogo, wakati tunangoja maji yapoe. Kwamba nyama si kitu kimoja. Ni nyumba nyingi ndogo ndogo, yeye huziita seli, na kila nyumba ina ukuta laini wenye milango. Sauti ikipita, kuta zinatikisika, milango inalegea, chokaa ya mwili iliyokuwa nje inaingia, na aliyekuwa amelala ndani anaamka na kuanza kujenga. Kwamba ndani ya majimaji ya mwili kuna vipovu, navyo hucheza sauti ikipita. Vikicheza kidogo vinakanda kuta. Vikivimba vikapasuka, vinavunja. Nilimuuliza kama wenye nyumba wanaombwa ruhusa kwanza. Akanitazama kama mtu aliyekuta jiwe kwenye wali.

"Siwema," akasema, "mgonjwa ameombwa. Inatosha."

Sikuwa na uhakika kama inatosha. Lakini nilikuwa na dada yangu, na mtu mwenye dada yake hospitali hachimbi ukweli kupita kiasi.

Dada yangu ni Mkunde. Homa ilimchukua masikio akiwa na miaka mitatu, na homa hiyohiyo ikamlegeza mkono wa kushoto, ukabaki unaning'inia tu kama mkono wa koti. Nilipozaliwa, yeye alikuwa tayari ameanza kusema kwa mkono wa kulia na mama alikuwa tayari ameanza kuelewa. Mimi nikakuta lugha ipo, nikaikuza. Haikuwa lugha ya shule ya viziwi, maana shule hiyo hakuiona. Ilikuwa ya nyumba moja, ya watu watatu. Kusugua kidole gumba na cha kati ilikuwa chumvi. Kuvuta sikio ilikuwa mimi, kwa sababu nilisikia kwa niaba yake. Kidole cha mwisho kikigusa shavu, chini ya jicho, palipokuwa na doa jeusi la mama, basi huyo alikuwa mama. Mahali palepale kidole cha shahada kikigusa ilikuwa machozi, kwa hiyo ilitubidi kuwa waangalifu. Mama alipokufa, tukabaki watu wawili duniani wenye lugha hiyo. Fikiria. Watu wawili na mkono mmoja.

Tuliitana kwa mguu. Ukitaka Mkunde ageuke, unapiga kisigino sakafuni, ardhi inamfikishia. Hata mama aliyekuwa mpole alipiga kisigino kama askari. Hilo nalijua tangu sijajua kutembea.

Hata hivyo. Miezi saba kabla ya siku ninayoisimulia, dada alikuwa ameinua birika kubwa la uji jikoni, uji umetoka kuchemka, na mimi niko mlangoni. Nikaona kishikio kinaachia upande mmoja. Nikaita, "Dada!"

Niliita kwa mdomo.

Miaka ishirini na miwili nimeishi naye, na siku moto ulipokuja nikamwita kwa mdomo. Kisigino changu kilikuwa palepale chini yangu. Uji ukamwagika juu ya mkono wa kulia, mkono uliokuwa ulimi wake. Aliponigeukia, mdomo wangu ulikuwa bado wazi. Aliuona.

Mkono ulipona ukiwa umefumba. Kovu lilipanda kutoka kiganjani mpaka kwenye vidole, gumu, linang'aa, likavishika vyote vitano kama mtu aliyeshika sarafu na kukataa kuionyesha. Miezi saba dada alisema nami kwa nyusi na kidevu. Kwa nyusi unaweza kusema njaa, hapana, na mjinga wewe. Huwezi kusema jana niliota mama amekaa kwenye kiti chake. Nilimwona mara nyingi akitaka kusema kitu cha namna hiyo, ngumi inapanda mpaka shavuni, inakaa kidogo, inashuka.

Basi nilimleta kwa Mzee Semboja.

Mkono hauna uso mmoja wa kupitishia kichwa cha mashine, una mabonde na vilima, kwa hiyo hutibiwa ndani ya maji. Beseni la plastiki. Maji yaliyochemshwa yakapoa, ili yasiwe na hewa. Mgonjwa anatumbukiza mkono, wewe unatumbukiza kichwa cha mashine, unakiweka mbali na ngozi kwa upana wa kidole, unazungusha. Kwa mkono wako mwingine unamshika kifundo asitikisike. Vipovu vikinata kwenye ngozi unavipangusa, maana sauti haipiti kwenye hewa.

Siku ya kwanza nilimwonyesha tone linaloruka. Aliinamia, akalitazama kwa makini, akaniinulia nyusi: hicho kitu kinasema?

"Kinasema," nikamjibu kwa mkono. "Hakuna anayekisikia."

Alininyooshea kidevu mimi, akamnyooshea Mzee Semboja, kisha akajigonga ngumi kifuani, akacheka kile kicheko chake kikubwa kisichojua ukubwa wake. Leo tuko sawa wote, ndivyo alivyokuwa anasema. Leo sote viziwi.

Mzee Semboja akauliza, "Anasema nini?"

"Anakukaribisha kwenye ukoo, mzee."

Tulikwenda hivyo wiki nne, mara tatu kwa wiki, na kila baada ya dakika nane Mzee Semboja alivivuta vidole polepole, na dada alimtukana kwa nyusi matusi ambayo sikuyatafsiri. Kidole gumba kikaanza kuachia. Cha shahada kikafuata. Nilianza kulala vizuri.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, jua liko dirishani, maji yana mwanga. Nilizungusha kirungu mpaka nane. Kirungu kikaanza kushuka, saba ikapita, sita ikapita. Nilikuwa nazunguka juu ya bonde la kidole cha mwisho, mduara juu ya mduara, na macho yangu hayakuwa mahali pengine. Namba ilipofika tatu, kidole cha mwisho kikasogea.

Kilisogea kidogo, kama kope. Lakini kilisogea kwenda juu, kwa njia ninayoijua, njia ya shavuni. Miezi saba nilikuwa nakingoja. Nikajiambia, anataka kumtaja mama, usimkatize, ngoja amalize. Hivyo ndivyo tulivyolelewa: mtu akianza neno kwa mkono, wewe unatuliza wako mpaka amalize. Ni adabu. Ukisogeza mkono wako, umemkata kauli.

Nikatuliza mkono wangu.

Na nilipotulia, nikaingia.

Nilikuwa barabarani. Kuta za nyumba zilikuwa laini, zenye mafuta, zikipumua taratibu, na kila ukuta ulikuwa na milango mingi kupita inavyohitajika. Hapakuwa na jua wala taa, lakini nilikuwa naona, kama unavyoona ndotoni bila kuuliza mwanga umetoka wapi. Katikati ya njia alikaa mwanamke akifuma. Alikuwa na uso wangu. Haukuwa wangu wa leo, ulikuwa ule nitakaokuwa nao nikizeeka, na mabega yalikuwa ya mama. Nyuzi zilimzunguka pande zote, nene, nyeupe, zimepitana hovyo kama nywele za mtu aliyeamshwa kwa fujo.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Usikanyage nyuzi."

Nikasogea. Nikamuuliza mbona kazi yake imevurugika namna ile.

"Ulitaka ipangike?" akasema bila kuinua macho. "Siku ile moto ulikuja. Moto ukija unafuma kwa chochote, popote, ilimradi tundu lizibe. Tulifuma bila kula. Tulipomaliza ndipo tukagundua tumemfungia mwenye nyumba ndani."

"Na sasa mnafumua?"

"Tulikuwa tunafumua." Akaweka uzi chini. "Kulikuwa na mtikisiko unapita. Sisi hatusikii, usituulize habari za kusikia. Unapita, milango inalegea, chokaa inaingia, na chokaa ikishaingia mtu hawezi kuendelea kulala, ataamka aulize kazi iko wapi. Unakwenda, unarudi. Tulikuwa tumeshauzoea mwendo wake. Tukaanza kufuata mvuto wa kidole, uzi kwa uzi. Tulifika mbali. Halafu ukasimama."

"Lini?"

Akanionyesha kwa kidevu.

Ndipo nikawaona. Walikuwa watu wekundu, wachukuzi, wote wa kimo kimoja, wamebeba mizigo ya pumzi vichwani, na walikuwa wamesimama mistari. Mstari, kisha nafasi tupu, kisha mstari, kisha nafasi tupu, mpaka macho yalipoishia. Hakuna aliyewashika. Hakuna kamba wala fimbo. Walisimama kwa sababu mbele yao hewa ilikuwa imegeuka kuwa amri, na nyuma yao vilevile.

Nitasema ukweli, kwa sababu sijaona faida ya kuandika uongo. Nilipowaona, niliwapenda. Walikuwa wazuri. Waliokuwa wakipita wakikanyagana sasa walikuwa kimya, na kila uso niliweza kuutazama na kuusoma kwa zamu. Nikakumbuka paredi ya shule, asubuhi ya mwisho kabla ya mtihani wa darasa la saba, mwalimu amesimama juu ya ngazi anatutazama, uso wake umejaa utulivu. Siku ile nilidhani anatupenda. Labda alitupenda kweli. Labda mtu anayewasimamisha wengine ili awaone vizuri huanza kwa mapenzi, na ule utulivu wa kuwaona ndio unaomdanganya kwamba nao wametulia. Yeye anasoma. Wao wanaishiwa pumzi. Na kutoka juu ya ngazi mambo hayo mawili yana sura moja.

Kwa nini anayesimama juu asisikie uzito wake?

Kwa nini mkono mwema na mkono mbaya iache alama moja?

"Hawa wamesimama muda gani?" nikamuuliza mfumaji.

"Huko kwenu sijui mnahesabuje. Hapa kuna watu wamezaliwa kwenye mistari. Ukiwaambia kuna kutembea wanacheka."

"Na mizigo?"

"Mizigo ya nani? Iko vichwani. Anayeingoja yuko mwisho wa njia, na sasa hatoi jasho tena."

Pembeni mwa ukuta vipovu vilikuwa vinacheza. Nilivikumbuka, Mzee Semboja alikuwa amenieleza. Vilikuwa vidogo, vinagusa ukuta na kuachia kama vidole vya mkandaji. Lakini sasa, kwa kuwa mtikisiko haukuhama, vilibaki vikicheza mahali pamoja, na kila vilipocheza vilinenepa. Kimoja kikawa kikubwa kama kibuyu. Kikapasuka. Ukuta wa nyumba ya jirani ukachanika kutoka juu mpaka chini, na vitu vya ndani vikamwagika njiani mbele ya watu, na mwenye nyumba akasimama katikati yake akijifunika kwa mikono.

"Mwenye huo mtikisiko ni nani?" mfumaji akauliza. Safari hii alinitazama, na uso wangu uliozeeka ulikuwa hauna hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Ni mkono wangu."

"Basi sogea."

"Namngoja dada. Kuna neno anataka kusema."

"Neno gani?"

"Jina la mama."

Mfumaji akatazama mistari, akatazama ukuta uliochanika, akanitazama tena.

"Na wewe, mwanangu, ulidhani ataweza kulisema huku umeukanyaga mdomo?"

Hapo ardhi ikapiga. Du. Ilitoka chini, mbali, ikapanda kwenye nyayo zangu, magotini, kwenye meno. Ikapiga tena. Wachukuzi wakayumba. Kwenye mstari wa mbele mmoja akageuza shingo, na alishangaa kuona kwamba ina mgeuko.

"Huyo ni nani?" mfumaji akauliza. "Huyu hatumjui. Huyu hapiti, huyu anaita."

Mimi nilimjua. Masikio yangu hayakusikia chochote, nyayo zangu ndizo zilizosikia. Du. Nilimjua tangu sijajua kutembea.

Nilifumbua macho, au nilikuwa nimeyafumbua muda wote. Maji ya beseni yalikuwa yanaruka miduara. Mkunde alikuwa anapiga kisigino sakafuni kwa nguvu zake zote, ameuma mdomo wa chini mpaka umekuwa mweupe, na jasho linamtiririka. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya maji, na kifundo chake kilikuwa ndani ya kiganja changu, nimekikaza kama nilivyofundishwa. Mkono wa kushoto ulikuwa unaning'inia. Alikuwa anaungua kwenye mfupa na hakuwa na pa kusemea, kwa sababu pa kusemea ndipo nilipokuwa nimepashika.

Nikaachia. Kichwa cha mashine kikaanguka ndani ya maji. Mzee Semboja alikuwa ameshafika, akakata umeme kwa kiwiko.

"Umesimama!"

"Ndiyo, mzee."

"Muda gani?"

"Sijui. Nilikwenda mbali."

Akatazama kirungu. "Namba ilikuwa tatu nilipokupa mgongo. Sekunde kumi, kumi na mbili." Akauchukua mkono wa dada kwa mikono yake inayotetemeka, akaugeuza, akabonyeza kucha moja moja kutazama damu ikirudi. Alibonyeza muda mrefu. Mkunde hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi, na nilitafuta kwenye nyusi zake njaa, hapana, mjinga wewe. Sikukuta kitu.

Mara mbili, nikawaza. Mara ya kwanza nilipaswa kutikisa ardhi nikaita kwa mdomo. Mara ya pili nilipaswa kuusogeza mkono nikautuliza.

Nilimwambia Mzee Semboja nirudi kwenye kufagia. Akakataa.

"Hujawahi kusimama kabla ya leo," akasema. "Na baada ya leo hutasimama tena. Mwingine nikimchukua nitaanza naye mwanzo. Muulize mwenye mkono."

Nilimuuliza. Ilinichukua siku tatu kupata ujasiri, na nilimuuliza jikoni, kwenye sakafu ya udongo. Nikapiga kisigino kwanza. Akageuka. Nikamwambia kwa mkono yote: kidole kilivyosogea, nilivyotulia ili amalize, mji, wachukuzi, mwanamke mwenye mabega ya mama. Alifuata mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, kwa gumba na kidole cha shahada ambavyo ndivyo pekee alivyokuwa navyo, maneno yakitoka nusu nusu kama ya mtoto:

"Zunguka. Usinisome."

Tukarudi kwenye beseni. Nilizungusha wiki nyingine tisa, na sikumtazama kidole hata mara moja. Nilitazama maji. Cha kati kikaachia. Cha pete na cha mwisho vikabaki vimelala kiganjani, na siku moja Mzee Semboja akavivuta, akavigusa, akakaa kitini.

"Hapa ndipo mwisho wake," akasema.

"Ni zile sekunde kumi?"

"Zinaunguza, ndiyo. Zinauma. Kuua vidole viwili, sidhani." Akakigusa tena cha mwisho. "Kovu la hapo lilikuwa zito tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimeshaliona."

"Hudhani, au unajua?"

Mzee Semboja aliishika mikono yake miwili magotini ili itulie. Haikutulia.

"Sidhani, Siwema," akasema.

Ninaishi na neno hilo mpaka leo.

Jioni ile Mkunde alikaa kizingitini akijaribu mkono wake mpya. Chumvi iliwezekana, ikasemeka. Sikio langu aliweza kulivuta, hata akalivuta zaidi ya ilivyohitajika. Maneno mengine yalitoka yakichechemea.

"Nimekuwa na kigugumizi," akasema, na nyusi zake zikacheza.

"Afadhali. Ulikuwa unaongea sana."

Akanipiga begani. Kisha vidole vitatu vikapanda shavuni, chini ya jicho, vikakaa pale. Cha shahada kikitangulia ni machozi. Gumba halikuwa na maana yoyote pale, cha kati halikadhalika, na cha mwisho kilikuwa kimelala kiganjani, hakijui kama kinaitwa. Nilitaka kumwambia tutatafuta ishara nyingine, dada, ishara ni mali yetu, tunaweza kuamua. Lakini mkono wake ulikuwa katikati ya neno. Nikatuliza wangu.

Akaushusha mkono. Akautafuta wangu gizani kwenye mikunjo ya nguo zangu, akavifunua vidole vyangu kimoja kimoja kama mtu anayechagua uzi, akapita gumba, akapita cha shahada, akapita cha kati na cha pete. Akakishika cha mwisho kwa vile vitatu vyake. Akakiinua. Akakiweka kwenye shavu lake, chini ya jicho, akakibonyeza.

Tangu siku ile hawezi kumtaja mama nikiwa sipo. Humkumbuka akiwa anachambua mchele, au kwenye foleni ya maji, na popote nilipo kisigino chake hunifikia kwanza. Nami huacha nilichoshika, naenda, nampa kidole. Yeye ndiye anayekipeleka, yeye ndiye anayejua kikae muda gani. Mimi nasimama pale na mkono wangu ukiwa mkononi mwake, namngoja amalize.